Kwa Nini Hasikii

Bi Mwasiti wa chumba cha uani anasema kisanduku kilianza kwa kukohoa. Anasema alikuwa anafagia, ameinama, kanga kiunoni, ndipo akasikia mtu anakohoa kama mkwe anayepiga hodi. Akainuka. Hakuona mtu. Alimwona mbuzi wetu, Karani, amesimama chini ya kile kisanduku cha shule kilichoning'inia kwenye msumari wa dirisha, na kisanduku kikasema kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, "Kwa nini hasikii?" Hapo, kwa maelezo yake, mbuzi aligeuka, akamtazama Bi Mwasiti machoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mzazi aliyeulizwa habari za mtoto wake.

Kila anapoisimulia huongeza kitu. Jumatatu mbuzi alitikisa kichwa. Jumatano alikuwa ameshashusha pumzi. Alipomsimulia muuza dagaa, mbuzi alitaka kujibu ila akaona aibu mbele ya watu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nakunja pindo la sketi ya shule, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Kisanduku hakikukohoa. Kililia kama kengele ndogo, kikasema maneno hayo, kikanyamaza. Mbuzi alikuwa anakula kipande cha boksi na hakuacha kutafuna.

Lakini maneno ni hayo hayo. Hapo Bi Mwasiti hakuongopa.

Siku hizi mwanafunzi hachagui mwenyewe mada ya maonesho ya sayansi. Zamani walichagua, na ukienda kwenye maonesho ulikuta meza hadi meza ni limau zilizochomekwa nyaya na sabuni za mwarobaini, mada ambazo kaka alimwachia mdogo wake na mdogo akamwachia binamu, mpaka limau zenyewe zikachoka. Ndipo kikaletwa Mteuzi. Ni kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni, chakula chake ni jua. Mwanafunzi anakipeleka kwao, kinatundikwa ukutani, kinasikiliza. Swali lililojibiwa kinalitupa. Swali linaloulizwa kila siku na kila siku linakosa jibu, hilo kinaliweka, na mwisho kinachagua moja. Hiyo ndiyo mada yako, upende usipende.

Kikiingia kwenye nyumba, watu wote hugeuka maprofesa. Bi Mwasiti, ambaye hana hata mtoto shuleni, alisimama chini yake asubuhi ile ya kwanza akamuuliza mumewe kwa sauti ya jukwaani, "Mume wangu, hivi mwanga husafirije?"

Mzee Idrisa, mstaafu wa reli, hakuinua hata macho kwenye redio yake. "Mwanga yupi? Wote husafiri kwa ungo."

Kisanduku kikalihesabu swali hilo kuwa limejibiwa.

Mdogo wangu Nyamizi alitaka asali. Alitaka kujua kwa nini asali ya Tabora inakaa miaka bila kuchacha, na kwa wiki nzima alikiuliza kisanduku swali hilo kabla ya chai na baada ya chai. Hakikumsaidia. Inaelekea kinajua swali linaloulizwa na swali linaloigizwa.

"Hasikii nani?" Nyamizi alikiuliza siku ile aliporudi shuleni. Kisanduku kikakaa kimya. Akakibonyeza. Akakitikisa. Akakipuliza kama mtu anayepuliza kiazi cha moto.

Ikabidi aitwe Mwalimu Kapinga. Alikuja na pikipiki yake ya betri, akanywa uji wetu, akaeleza. "Mteuzi haruhusiwi kutaja mtu. Sheria hiyo. Akichukua swali la nyumbani, anafuta jina, anabakiza kitendo."

"Sasa mwalimu, kitendo cha nani?" akauliza Nyamizi.

"Kumtafuta mwenyewe ndiyo hatua ya kwanza ya utafiti. Waliokiunda walidhani hata jina likifutwa patabaki fununu, utajua kama ni bwana au ni bibi. Kwa Kiswahili hakikubaki kitu. Hasikii ni yeyote."

"Hata mbuzi," akasema Bi Mwasiti. "Mbuzi naye hasikii. Ngeli ni ile ile."

Mwalimu Kapinga hufundisha fizikia. Alifikiri kidogo, akakubali.

"Halafu hasikii ipi?" Bi Mwasiti aliendelea, maana akishika jambo haliachi. "Hasikii ya masikio, au hasikii ya kuambiwa jambo na kufanya lake?"

Wote tukamgeukia Nyamizi. Katika nyumba yetu neno "husikii" huambiwa yeye kuanzia kufunga chandarua hadi kukishusha.

"Mimi nasikia vizuri," Nyamizi akasema. "Huwa sitaki tu."

Mwalimu akamwekea masharti. Ijumaa atarudi, na kila anayelala katika nyumba hii atapimwa mbele ya kisanduku. Akipatikana mwenyewe, kisanduku kitasema "Ndiye," na Nyamizi atakuwa na mada. Asipopatikana, mada imekufa na yeye hapandi basi la maonesho. Na kwenye maonesho ndiko wakuu wa shule za sayansi wanakokuja kuchagua watoto, meza kwa meza, kama watu wanaochagua nyanya. Nyamizi yuko darasa la mwisho. Kwake yeye hakuna mwakani.

Bibi yetu alikuwa pale pale jikoni muda wote huo, anachambua choroko kwenye ungo. Mwalimu alipoinuka kuaga, Bibi aliinua uso akatabasamu.

"Karibu tena, mwanangu," akasema. "Wasalimie nyumbani."

*

Inafaa nieleze Bibi ni nani, maana nje ya nyumba yetu yeye ni mtu mkubwa.

Kesi ndogo ndogo huamuliwa na Mwamuzi, ile mashine ya wilaya iliyomo kwenye kibanda cha kijani pale sokoni. Unaingia, unaanza kueleza, na kabla hujafika katikati karatasi imeshatoka: fulani ana haki, fulani aondoe kuku wake. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki, hakuna aliyebisha. Kilichowaudhi watu ni kukatizwa. Mzee mmoja alivunja kioo cha Mwamuzi kwa bakora, na alipoulizwa sababu, wakati yeye ndiye aliyeshinda, akasema, "Nilikuwa bado sijafika kwenye matusi aliyonitukana." Vioo vilipozidi kuvunjwa, ikatungwa sheria. Kabla ya kwenda kwa mashine, mgogoro usikilizwe kwanza na sikio la mtu. Kila kata ikachagua Msikilizaji wake.

Kata yetu ilimchagua Bibi Kabula, bibi yetu, na hatujawahi kusikia mtu akimlalamikia. Hakatizi. Anakukazia macho usoni, anatikisa kichwa taratibu, anakuacha umwage yote. Ukimaliza anakwambia, "Rudia mwanangu, polepole, ukinitazama." Ukirudia polepole, huku unatazamwa namna ile, nusu ya maneno unayaonea haya mwenyewe. Wengi hawafiki mwisho wa kurudia. Wanacheka, wanaondoka pamoja. Maafisa walikuja kutoka mkoani kuisomea njia hiyo, wakaipa jina refu, wakamwachia Bibi cheti na chupa ya chai.

Mimi kazi yangu iko barazani, mguu kwenye kanyagio na macho mtaani. Mtu akikaa hivyo mchana kutwa, mambo yanapita mbele yake yenyewe, hana haja ya kuyafuata.

Salamu zetu zina mpangilio. Shikamoo, marahaba. Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Watoto hawajambo, hawajambo. Mtu akishika mpangilio huo unaweza kumjibu yote ukiwa umeziba masikio kwa pamba. Lakini kigari cha maji, kile kinachojiendesha chenyewe nyumba kwa nyumba, hakishiki mpangilio. Siku moja kilifika nyuma ya Bibi, kikasema kwa ile sauti yake ya bati, "Ondoa mfuniko."

"Marahaba, baba," Bibi akajibu bila kugeuka. Nadhani alihisi tetemeko la magurudumu.

"Ondoa mfuniko."

"Nzuri tu, sijui za kwenu."

"Ondoa mfuniko."

"Hawajambo. Wamekwenda shule."

Kigari kilingoja kwa adabu, kisha kikaenda kumwaga maji yetu kwenye pipa la Bi Mwasiti, ambaye naye hakuona la kulalamikia.

Nilicheka siku ile. Baadaye nikaacha kucheka, nikaanza kutazama. Nikaona Bibi hucheka na watu, ila nyuma yao kidogo, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua. Nikaona haketi kamwe akiwa na mlango mgongoni. Nikaona kwa nini husema rudia, polepole, ukinitazama.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Watu walikuwa wanapatana. Ukuta wa Bi Mwasiti uliokuwa unagombaniwa na jirani wa nyuma ulijengwa na hao hao waliougombania. Nilijiambia kwamba kama dawa inaponya, kuna haja gani ya kuuliza chupa ina nini.

Kisha akaja Chausiku. Ni mke mdogo wa mtaa wa pili, mgeni hapa. Aliketi mbele ya Bibi peke yake, hakuna mshitakiwa, akajifunika kanga mdomoni, macho chini, akasema jambo lake kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa napitisha uzi sindanoni, nikalisikia lote. Bibi alitikisa kichwa. Akamwambia arudie, amtazame. Chausiku hakuweza kuinua uso. Akarudia vile vile, ndani ya kanga. Na Bibi akatabasamu, lile tabasamu lake la kuwaaga watu waliopatana, akamwambia, "Nenda nyumbani salama, mwanangu." Na kweli alikwenda nyumbani, kwa mume yule yule aliyemsema. Hakurudi tena kwetu.

Jioni moja kabla ya ile Ijumaa, Nyamizi alikuja kukaa kwenye kizingiti karibu yangu, anakula kiazi.

"Dada," akasema, "wewe unaona kila kitu hapa. Ni nani?"

"Umejaribu kufikiri mwenyewe?"

"Nimefikiri. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Kuna mtu nimemfikiria na sitaki awe yeye."

Nilikanyaga cherehani ikavuma kidogo, nikaiacha.

"Anza na mbuzi," nikamwambia.

Alinitazama. Akaendelea kula kiazi. "Nisipokwenda kwenye maonesho unajua nitaishia wapi? Nitaishia hapa hapa kwenye..." Akaitazama cherehani.

"Malizia."

"Kwenye baraza lenye upepo mzuri," akasema.

*

Ijumaa mwalimu alifika baada ya chakula cha mchana. Akaanza na Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mchana?"

"Nzuri."

"Mmeshindaje hapa?"

"Tumeshinda salama, twashukuru."

Yote yakaenda kwa mpangilio. Mwalimu akakivaa kisanduku shingoni kwa kamba na kutueleza kipimo. Anayepimwa ataelekea ukutani. Mwingine atasimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya kawaida. Kisanduku kitalinganisha na kilichosikia humu ndani, kitasema ndiye au siye.

Mbuzi akafungwa ukutani. Nyamizi alikuwa amejiandaa kweli, amevaa sare na amefunga nywele. "Karani," akaita. Mbuzi akatafuna. "Karani." Akatafuna. Nyamizi akagonga sufuria kwa mwiko nyuma ya masikio yake, kuku wote wa mtaa wakaruka, mbuzi akameza na kuanza tonge lingine.

"Hapa pana kitu," mwalimu akasema, akasogea.

Bi Mwasiti akanyoosha mkono kwenye mfuko wa pumba uliokuwa nyuma ya choo. Aliugusa tu kwa kidole. Mbuzi alikata kamba.

"Siye," kikasema kisanduku.

"Basi mchukueni wangu," Bi Mwasiti akasema, akamleta Mzee Idrisa na kiti chake na redio yake, akamwelekeza ukutani. "Huyu hasikii tangu tuoane. Nyumba hii kama kuna mtu anayeulizwa kwa nini hasikii, ni huyu. Mwalimu, andaa meza." Akasimama nyuma yake. "Idrisa, mkaa umekwisha."

Kimya.

"Idrisa, bomba limepasuka."

Kimya.

"Idrisa, mama yangu anakuja, atakaa mpaka mfungo uishe."

Hakugeuka, ila niliona shingo yake inakaza.

Mwalimu Kapinga akamsogelea kwa nyuma, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Kahawa hiyo."

Mzee Idrisa aligeuka na kiti chake.

"Siye," kikasema kisanduku.

"Yaani mume wangu na mbuzi matokeo yamelingana," akasema Bi Mwasiti.

"Nilisikia yote," Mzee Idrisa akasema. "Nilikuwa nangoja mpite kwenye mambo ya maana. Iko wapi hiyo kahawa?"

Nyamizi akajipima mwenyewe. Akaelekea ukutani, Bi Mwasiti akamwambia kaoshe vyombo, akakaa kama mlingoti. Kisanduku hakikuhitaji kufikiri. "Siye." Mimi niligeuka kabla sijaitwa. "Siye." Bi Mwasiti akapimwa kwa ombi lake mwenyewe, alimjibu mwalimu kabla mwalimu hajafungua mdomo. "Siye."

Wote tulikuwa tumekwisha kupimwa, isipokuwa yule aliyekaa jikoni na ungo wake, mgongo ukutani na uso mlangoni, anatutazama mmoja mmoja.

"Bibi ni kwa heshima tu," mwalimu akasema. "Utaratibu unataka kila anayelala ndani apimwe. Lakini kumpima Msikilizaji wa Kata kama anasikia, jamani, si sawa na kumpima samaki kama anaogelea?"

Tukacheka. Bibi akacheka nasi, nyuma yetu kidogo. Nyamizi hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Usitanie hayo, mwalimu," Bi Mwasiti akasema. "Kule kata ya jirani Msikilizaji wao alisinzia siku moja, akaonekana. Sheria ikasema hakusikia. Mashauri yake yote yakafunguliwa upya tangu mwanzo. Watu walikuwa wameshasameheana, wengine wameshaoana, wakaitwa kuja kugombana. Mimi ukuta wangu sitaki uguswe hata na mjusi."

"Kulala ni kulala, Bi Mwasiti. Bibi huyu yuko macho kuliko sisi." Mwalimu akatazama jua, akatazama betri ya pikipiki. "Acheni nirudi mjini kabla haijanizimikia njiani. Kesho asubuhi nitapita, nitamwita Bibi mara moja kwa nyuma, tumalize. Nyamizi, kisanduku kibaki."

"Na kikisema siye?" Nyamizi akauliza.

Mwalimu alikuwa ameshaupandisha mguu kwenye pikipiki. Akaushusha. "Ukitafuta ukakosa, nayo ni sayansi," akasema. "Ila haipandi basi."

*

Alasiri hiyo Bibi aliniita chumbani kwake. Kesho ile ile alikuwa na shauri la kusikiliza, na gauni lake la baraza lilikuwa refu, linaburuta. Akasimama juu ya kigoda, mimi nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kulipandisha pindo. Pini nilizibana kwa midomo, ninachomoa moja moja, kama ninavyofanya siku zote.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipokuwa mtoto, "nataka kukunong'oneza jambo."

Akaninong'oneza kwa sauti ambayo muuza dagaa angeisikia akiwa kwao. Niliinuka mbio, nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, kwa sababu ukutani kwa nje, upande wa pili wa dirisha lile, ndipo msumari wa kisanduku ulipo. Bibi alinitazama nikifunga. Niliporudi kupiga magoti alikuwa anatabasamu, ila si lile tabasamu la kuwaaga watu.

"Kumbe napiga kelele," akasema. Akajaribu kuishusha sauti, ikashuka kidogo. "Basi unajua. Nilikuwa naona unajua. Watu wengine huniangalia nikiongea, wewe huniangalia nikinyamaza."

Nilichoma pini moja kwenye pindo.

"Ilianza upande wa kushoto, enzi za babu yako. Nikafurahi. Nilikuwa nalala kwa upande wa kulia, hasikiki akikoroma." Akacheka peke yake. "Ilipokuja na upande wa pili nilikuwa nimeshachaguliwa. Nikasema nitawaambia. Nikaketi siku ya kwanza niwaambie, wakaja wawili wa kugombea jogoo, wakapiga kelele midomo wazi, nikaona kila neno. Wakaondoka wamebebana. Nikasema nitawaambia kesho."

Akageuka kidogo juu ya kigoda ili nifikie pindo la nyuma, kisha akakumbuka kwamba akigeuka hataniona, akarudi.

"Sijamwamulia mtu hata mmoja, unajua hivyo? Wenyewe huamua. Mimi ni mahali pa kuwekea maneno tu. Mashine ina masikio, wakaivunja. Mimi sina, wakanipa chupa ya chai." Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ukosi wa gauni. "Ila yule binti aliyejifunika kanga. Mpaka leo sijui alisema nini. Wewe ulikuwa barazani. Ulimsikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Alinisoma uso kwa muda. Sijui aliona nini, lakini alishuka kwenye kigoda akaketi juu yake, goti kwa goti na mimi, gauni likiwa nusu limepanda na nusu limeshuka.

"Nitampata," akasema. "Nitakwenda kwake mwenyewe, nitamwambia ashushe kanga. Hilo ni deni langu na nitalibeba. Lakini wakijua kesho, hata hilo sitaweza. Watanitoa, watamweka mtu anayesikia na kukatiza. Na mtaa mzima utarudi kwenye kuku na kuta."

Nje nilisikia Nyamizi anampigisha Karani zoezi. "Geuka," anamwambia. "Sasa usigeuke." Alikuwa anajua kuwa mbuzi ameshapimwa. Sijui alikuwa anatafuta nini, au alikuwa anatupa nafasi.

"Mtoto najua," Bibi akasema, kana kwamba naye amesikia. "Najua hana mwakani. Nilimwona mwalimu akisema. Nilimwona na yeye akiuliza, mtoto wa watu, midomo inamtetemeka. Ana swali zuri. Katika nyumba hii hakuna swali zuri kuliko lile. Nikisikia wamelichukua mezani wakalishangilia, nitafurahi." Akasita. "Nikiona, yaani."

Akanishika mkono wenye kitambaa.

"Basi mimi nakuomba. Kesho mwalimu akija, mimi nitakuwa nimeketi pale ukutani. Wewe njoo na sindano yako, ukae karibu kama unanimalizia gauni. Akiniita, livute pindo. Kidogo tu. Nitageuka, nitamwambia abee, mwalimu. Kisanduku kitasema siye, na mambo yataisha. Hutasema uongo wowote. Utakuwa unashona. Na siku za baraza vivyo hivyo, uje ukae nami, uwe unanivutia pindo pale mtu anapojifunika uso. Utanifanyia hivyo, mke mwenzangu?"

Kule nje Nyamizi alikuwa ameacha kumsemesha mbuzi. Uani palikuwa kimya kabisa, kimya cha mtu aliyesimama karibu na dirisha.

Bibi hakuuliza mara ya pili. Alinishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga unaoshuka kutoka kwenye bati la kioo la paani, akanikazia macho midomoni, akingoja isogee. Pini zilikuwa bado zimebanwa pale, na pindo lilikuwa bado halijaisha.